Chipsi, Soda na Lawama: Nani Anaamua Mtu wa Temeke Ale Nini?

Kila baada ya muda, ujumbe wa sauti huzunguka kwenye simu za wakazi wa Dar es Salaam ukionya kwamba chipsi za mtaani zinakaangwa kwa mafuta ya transfoma. Kwa siku mbili tatu wateja huchungulia karai kabla ya kuagiza, wauzaji huonyesha dumu la mafuta waliyonunua, kisha mambo hurudi kama kawaida. Wiki hiyohiyo mtaalamu fulani redioni atasema vijana wanajimaliza wenyewe kwa kukosa nidhamu ya kula. Jioni, kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, tangazo la kinywaji baridi litapita wakati wa mapumziko. Mkazi wa Tandika au Mbagala aliyeyasikia yote matatu anabaki njia panda: tatizo ni sumu iliyofichwa, ni uzembe wake, au ni hao wanaomtangazia?

Swali hili lina uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, idadi kama hiyo wana uzito uliozidi, na watu 9 kati ya 100 wana kisukari. Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, tafiti za idadi ya watu na afya zinaonyesha kwamba waliozidi uzito au wenye unene uliopitiliza walikuwa asilimia 11 mwaka 1991/92. Kufikia mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28, na mijini hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko vijijini. Wilaya ya Temeke peke yake, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu 1,346,674. Wanachokula jioni ni suala la umma.

Mjadala uliotoka New York

Ubishi huu haukuanzia Buza wala Keko. Mwaka 2002 kesi ilifunguliwa New York kwa niaba ya vijana waliokuwa wateja wa McDonald's. Ilidai kuwa kampuni hiyo ilichangia unene na maradhi yao bila kuwaambia ukweli kuhusu chakula chake. Jaji Robert Sweet aliitupa mwaka 2003, kwa hoja kwamba mtu anayejua, au anayepaswa kujua, madhara ya kula kupita kiasi hawezi kumgeuzia kibao muuzaji. Sehemu ya madai ilifufuliwa baadaye kwenye rufaa, lakini mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa limeshapitisha muswada wa kuzuia kesi za namna hiyo. Muswada huo haukufika kuwa sheria. Tangu hapo dunia imezoea kuuona mjadala kama mechi ya timu mbili: huku mlaji na nidhamu yake, kule kampuni kubwa na matangazo yake.

Ukiileta mechi hiyo Temeke kama ilivyo, timu moja haitokei uwanjani. McDonald's haina tawi Tanzania. KFC ilifungua mlango Dar es Salaam mwaka 2013, na mkazi wa kawaida wa Mbagala Kizuiani si mteja wake wa kila siku. Chakula cha haraka cha huku ni chipsi za bandani. Hata malighafi ni tofauti. Januari 2022 KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinaagizwa kutoka nje, na Wakenya wakang'aka kuona viazi vya wakulima wao vinarukwa. Banda la Temeke haliwezi kukumbwa na hilo: viazi vyake hushuka kwa lori kutoka Njombe, Mbeya, Iringa na Lushoto.

Muuzaji wa banda hilo hana wakala wa matangazo. Anacho kabati la kioo lenye balbu ndani, karai juu ya jiko la mkaa na trei za mayai zilizopandana. Viazi vimeshakaangwa nusu tangu alasiri. Mteja akiagiza zege, mayai mawili hugongwa kwenye kikombe, hupigwa kwa uma, humiminwa juu ya chipsi kwenye kikaango, kisha zege hugeuzwa mara moja kwa kufunikwa na sahani. Kopo la chumvi lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari hutikiswa juu yake bila mtu kuhesabu. Kazi yote ni dakika chache. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha hutoa takriban kilokalori 85. Gramu 100 za chipsi hukaribia 300. Tofauti hiyo karibu yote inatoka kwenye karai, na haikuandikwa popote pale bandani.

Hoja ya wajibu wa mtu

Wanaosisitiza wajibu wa mtu binafsi wana la kusema, na wasikilizwe. Hakuna anayeshikiwa fimbo kwenye foleni ya chipsi. Vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye kikombe cha chai huwekwa na mnywaji mwenyewe, nyumbani kwake. Matunda hayapo mbali: soko la Temeke Stereo linajulikana kwayo, na malori ya Barabara ya Kilwa huingiza machungwa, mananasi na mihogo kutoka Mkuranga na Rufiji. Mchicha na tembele ni mboga za bei ya chini. Utafiti wa mwaka 2012 ulipokuta zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawali matunda na mboga kwa kiwango kinachoshauriwa, haukuwakuta jangwani.

Serikali pia imeielemea njia hii. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliongoza kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Mwaka 2023 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji kwa Tanzania Bara. Vilabu vya jogging vya Temeke, vinavyoamsha mitaa alfajiri kwa nyimbo na sare zao, ni ushahidi kwamba watu wa kipato cha chini wanaweza kujipanga bila kusubiri mfadhili. Uzuri wa hoja hii ni kwamba inamheshimu mtu mzima. Inamchukulia kuwa na akili na uwezo wa kubadilika leo, kabla bunge halijakaa.

Lakini ina matundu, na la kwanza ni kasi. Kutoka asilimia 11 hadi 28 ndani ya robo karne: je, wanawake wa Tanzania walipoteza nidhamu kwa pamoja katika kipindi hicho? Kilichobadilika ni kazi, usafiri, makazi, bei na vilivyomo madukani. Tundu la pili ni taarifa. Mtu huambiwa "punguza mafuta", naye hajui kiasi kilichomo kwenye sahani aliyopewa na hana namna ya kujua.

La tatu halitajwi sana, nalo ni zito. Mwili mnene una maana yake mtaani. Mtu akirudi likizo ameongezeka huambiwa amenawiri, amependeza, maisha yamemkubali. Akikonda, watu hunong'ona. Miaka ambayo UKIMWI ulikuwa hauna dawa, kukonda kulisomwa kama hukumu, na waliouguza ndugu zao wakati huo hawajasahau. Ukimwambia mwanamke wa Yombo apunguze kilo 10 kwa hiari yake, unamtaka pia akabiliane na macho ya majirani. Hiyo si nidhamu ya sahani peke yake.

Hoja ya matangazo

Upande wa pili unasema mlaji amezingirwa. Huku Temeke kuzingirwa huko hakuko kwenye chipsi bali kwenye vinavyokaa pembeni ya chipsi: soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, viungo vya vipande vya kutia mchuzini. Duka hupakwa rangi ya kampuni ya soda kuanzia ukutani hadi kwenye kibao cha jina. Friji lenye nembo huletwa na kampuni. Kwenye joto la Dar es Salaam friji hilo linauza kuliko bango lolote, kwa sababu mwenye duka dogo hawezi kujinunulia la kwake, na mpita njia mwenye kiu hafiki mbali.

Kisha kuna mpira. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke. Azam Complex iko Chamazi, Temeke hiyohiyo. Kundi la Bakhresa linatengeneza unga wa ngano, juisi, soda na aiskrimu. Lina klabu ya Azam FC na lina Azam Media, ambayo mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Coca-Cola nayo kwa miaka kadhaa ilidhamini mashindano ya vijana yaliyobeba jina lake. Hakuna kosa la kisheria katika haya, na soka la nchi limefaidika. Hata hivyo ni lazima isemwe wazi: mtoto wa Temeke hukutana na jina la kinywaji kwenye furaha zake kubwa, miaka mingi kabla hajajua gramu ni nini. Chupa ya nusu lita ya kola ina sukari gramu 50 hivi. Kwa mtu mzima, hicho ndicho kiwango cha juu cha siku nzima kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ambalo lingependa hata kiishie nusu yake.

Nguvu ya hoja hii iko kwenye matokeo. Mwaka 2010 nchi wanachama wa shirika hilo ziliridhia mapendekezo ya kupunguza matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, mafuta au chumvi nyingi kwa watoto. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi za onyo kwenye pakiti, kuzuia matangazo yanayowalenga watoto na kuviondoa vyakula hivyo shuleni. Ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi ukashuka kwa karibu robo. Tanzania yenyewe si mgeni wa fikra hii. Tangu mwaka 1994 ina kanuni zinazodhibiti uuzaji na utangazaji wa maziwa mbadala ya watoto wachanga, na mwaka 2003 ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku. Hoja ya kwamba mtu mzima ajiamulie mwenyewe haikuzizuia.

Udhaifu wake nao uko wazi. Hoja hii haielezi chipsi, maandazi wala vitumbua, ambavyo havina bango hata moja. Watu wa pwani walikaanga bagia na kaimati zamani sana kabla ya televisheni. Zaidi ya hapo, adui wa mbali ni adui mwepesi: aliyejiaminisha kwamba kampuni ndiyo yenye makosa huenda asikitazame kijiko chake cha nne cha sukari. Na kuna gharama. Ukiwaondoa wadhamini wa vinywaji kwenye mashindano ya vijana bila kuleta mwingine, watakaokosa jezi na mipira ni vijana wa Mbagala.

Mkaa, chumba kimoja na saa za barabarani

Kuna hoja ya tatu, na kwa Temeke ndiyo inayofafanua mengi zaidi ingawa inasikika kwa uchache. Tuchukue hali ya mpangaji wa chumba kimoja Mtoni kwa Azizi Ali, anayefanya kazi Kariakoo. Anatoka kabla jua halijachomoza na kurudi usiku umeingia. Jiko lake liko kwenye korido anayochangia na wapangaji wengine. Maharage makavu yanataka saa mbili motoni. Mkaa wa kuyaivisha, mafuta, kitunguu, nyanya na maji ya kununua kwa ndoo, vyote ni vyake peke yake. Muuzaji wa chipsi amegawa gharama ya mkaa wake kwa wateja wa usiku mzima.

Kwa hiyo hesabu inategemea ukubwa wa familia. Kwa nyumba ya watu sita, sufuria moja ya maharage bado ni nafuu kuliko sahani sita za chipsi. Kwa mtu anayekaa peke yake, kupika kunaweza kuwa ghali kuliko kununua, hata kabla hajahesabu usingizi. Ndiyo maana chipsi ni chakula cha makapera, wanafunzi wa vyuo na waendesha bodaboda. Wanapanga bajeti, na bajeti inawapeleka bandani.

Mtu atauliza: si angekula kwa mama lishe? Swali zuri. Mama lishe ndiye anayepakua wali au ugali, maharage, samaki na mchicha, na sahani yake inakaribiana sana na kile ambacho wataalamu wa lishe wanakihubiri. Lakini biashara yake imefungamana na mchana, karibu na gereji, viwanda na masoko. Wengi wao hufunga jioni, wakati mpangaji wa Mtoni bado yuko kwenye daladala. Anaposhuka, taa inayowaka ni ya kabati la chipsi. Ushindani kati ya mboga na zege umeamuliwa na saa ya kufunga, kabla ladha haijaulizwa.

Halafu mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula nchini huagizwa kutoka nje, hasa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwa sababu alizeti ya Singida na Dodoma haijatosheleza soko. Muuzaji hununua kwa dumu, na kila anayemwaga mafuta yaliyochoka anamwaga faida. Kwa hiyo huongezea mapya juu ya ya jana. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huvunjika na kutengeneza kemikali zisizofaa mwilini. Hofu ya transfoma inawafanya watu watafute mhalifu, ilhali jambo la kila siku ni mafuta halali ya dukani yaliyokaa karaini tangu juzi.

Hoja hii ya tatu, ya mazingira ya maisha, ina hatari moja: inaweza kugeuka kisingizio cha kila mtu, pamoja na yule mwenye gari na jiko la gesi anayesimama bandani kwa mazoea. Tena dawa zake za kweli, yaani nyumba bora, usafiri wa haraka na nishati nafuu ya kupikia, huchukua miaka. Na zikiharakishwa vibaya humwangukia mnyonge. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za jiji ndani ya muda mfupi, na wapo walioanza upya na mtaji uliokatika. Kampeni ya afya itakayowageukia wauza chipsi kwa rungu itafanana na hiyo.

Tukipima

Kosa la mjadala mzima ni kutafuta mkosaji mmoja wa sahani nzima. Kila kitu kilichomo kina mahali pake uamuzi unapofanyika. Sukari ya chai huamuliwa nyumbani, na hapo wajibu wa mtu unatosha kusemwa bila kuuma maneno. Soda huamuliwa na bei, friji na tangazo. Chipsi huamuliwa na mkaa, muda na bei ya mafuta. Kumhubiria nidhamu mpangaji wa Mtoni ni kumpa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, na kuliacha bango la soda mbele ya lango la shule kwa madai kwamba mtoto atajiamulia ni kukwepa kazi.

Kwenye soda, chombo kipo tayari. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi kwa lita. Kwa mpango huo, kinywaji chenye sukari nyingi na chenye sukari kidogo hulipa sawa, na kiwanda hakina sababu ya kupunguza hata gramu moja. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kwa kila gramu inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Uingereza ilianza mwezi huohuo kwa viwango vya sukari, na kampuni nyingi zilipunguza sukari kabla tarehe haijafika. Mexico, iliyotoza peso moja kwa lita kuanzia mwaka 2014, iliona ununuzi ukishuka kwa takriban asilimia 6 mwaka wa kwanza. Mapungufu hayafichiki: maskini hulipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, na wengine watahamia kwenye juisi ya ndoo ambayo sukari yake haihesabiwi na yeyote. Hata hivyo, kati ya hatua zote, hii ndiyo inayogusa kiwanda kabla ya kumgusa mlaji.

Wanaosema mazoea ya watu hayabadiliki kwa sheria wakumbuke mifuko ya plastiki. Hadi Mei 2019 kila kitu kilifungwa kwenye rambo. Tarehe 1 Juni marufuku ikaanza, na ndani ya wiki chache watu wakabeba vikapu na mifuko ya kitambaa. Utekelezaji umelegea baadaye, hasa kwenye vifungashio vyepesi vinavyoonyesha ndani, na hilo nalo ni funzo kwa wapangaji wa sera. Lakini hakuna aliyemsubiri kila mnunuzi ajirekebishe kwa wakati wake.

Tena kuna suala la nani analipa: Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mfuko wa pamoja maana yake ni kwamba gharama za kisukari, za kusafisha damu na za kiharusi zitachangiwa na hata asiyekunywa soda. Hilo linadhoofisha usemi kwamba anachokula mtu ni shauri lake, lakini pia linampa jirani haki ya kumuuliza mwenye uwezo wa kuchagua kwa nini hachagui.

Kwa wauza chipsi, hatua ya kwanza si ya gharama kubwa. Maafisa afya wa kata hupita kwenye mabanda kukagua usafi na vyeti vya kupima afya. Swali la mafuta yana siku ngapi linaweza kuongezwa kwenye ukaguzi huohuo. Litafaa iwapo kutakuwa na mtu wa kuyanunua yaliyochoka, kwa mfano watengeneza sabuni, ili anayeyatoa karaini asione amepoteza yote. Mama lishe atakayepewa taa na eneo salama la kuuzia hadi saa tatu usiku karibu na kituo cha Rangi Tatu anaweza kufanya zaidi ya semina kumi za lishe.

Na kwa watoto, mfano umo ndani ya sheria za nchi. Kanuni za mwaka 1994 zilikubali kwamba mama aliyejifungua juzi asiachwe peke yake mbele ya muuzaji wa maziwa ya kopo. Mwanaye akifikisha miaka saba na kuanza kwenda shule Charambe au Chang'ombe na mia mbili mfukoni, ulinzi wa namna hiyo haumfuati tena. Nje ya lango kuna meza za mihogo ya kukaanga na barafu za rangi, na ng'ambo ya barabara kuna friji lenye nembo.